Naivasha: mlima, korongo na ziwa, kila kimoja na asubuhi yake

Safari nyingi za Naivasha huharibikia Nairobi, siku kadhaa kabla ya kuondoka, mtu anapoketi na kuandika: asubuhi mlima Longonot, mchana hifadhi ya Hell's Gate, jioni boti ziwani. Kwenye ramani mpango huo unapendeza, maana vyote vitatu vimelizunguka ziwa moja. Kinachokosekana kwenye karatasi ni saa. Mlima unataka kupandwa kabla jua halijakaza. Baiskeli inataka kuendeshwa kabla upepo haujaanza. Ziwa nalo linataka saa hizohizo, kwa sababu mchana huchafuka. Asubuhi ni moja tu, kwa hiyo siku moja ni ya jambo moja. Ukibakiwa na nguvu, ongeza kitu chepesi cha kukaa chini na kula.

Ziwa Naivasha liko takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na hakuna ziwa la Bonde la Ufa nchini Kenya lililo juu kulishinda. Mashariki limepakana na miinuko ya Kinangop na Nyandarua, magharibi kuna Mau, kaskazini-magharibi Eburru, na kusini-mashariki ndiko uliko Longonot. Miinuko hiyo ndiyo inayoamua hali ya hewa ya siku yako. Asubuhi hewa hutulia. Ardhi ikishapata joto, kuanzia saa sita au saa saba hivi, upepo huanza kuvuma bondeni na kuyachafua maji. Jua lenyewe linadanganya. Hewa ya huku ni baridi kidogo, hivyo mtu hahisi anaungua mpaka jioni anapovua shati na kukuta shingo imebadilika rangi. Kofia yenye ukingo mpana na shati la mikono mirefu vinafaa kuliko fulana, hata kwa mtu mweusi anayeamini jua halimgusi.

Kuhusu msimu, Januari na Februari ni kukavu na njia ni ngumu chini ya mguu, ila vumbi la Longonot huwa limefika kiwango cha kukera. Machi hadi Mei ni mvua ndefu, na hapo korongo la Hell's Gate si mahali pa kubahatisha. Juni hadi Septemba ni kuzuri, ila asubuhi za Julai na Agosti ni baridi na barabara ya juu inayopita Limuru na Kinale hujaa ukungu mzito. Ukiendesha mwenyewe miezi hiyo, usiondoke Nairobi saa kumi alfajiri ukidhani unawahi, kwani utatambaa nyuma ya lori usiloliona taa.

Jambo la malipo limewasumbua watu wengi kuliko nyati. Longonot na Hell's Gate ziko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na kiingilio hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, si kwa pesa taslimu. Lipa ukiwa mjini au nyumbani, pale mtandao ulipo imara, kisha piga picha ya risiti. Watu hufika langoni, simu ina asilimia kumi ya chaji, mmoja amesahau nenosiri la akaunti yake, na kundi zima linasimama juani nusu saa. Viwango hubadilika, hivyo tazama vya wiki hiyohiyo. Kitambulisho cha kila mtu kiwe mkononi, la sivyo Mkenya anaweza kutozwa kama mgeni.

Longonot

Mlima huu huwaumiza watu kwa sababu unaonekana mfupi. Kilele kiko mita 2,776, na lango liko karibu mita 2,150, hivyo mtu hupiga hesabu ya mita mia sita na ushei akacheka. Hesabu ya kufanya ni ya urefu wa njia: kilomita 3.1 kutoka langoni hadi ukingo wa kreta (shimo la mdomo wa volkano), kilomita 7.2 za kuuzunguka ukingo wenyewe, halafu zile 3.1 za kushuka. Jumla ni kilomita 13 na nusu hivi. Ukingo nao si tambarare. Unapanda, unashuka, unapanda tena, kwa hiyo ukimaliza miguu imepanda zaidi sana ya zile mita mia sita.

Mtu mwenye nguvu za kawaida hutumia saa moja hadi moja na nusu kufika ukingoni, saa tatu kuzunguka, na karibu saa moja kushuka. Weka mapumziko ya kula na kupiga picha, ni saa sita. Ukiingia langoni saa moja asubuhi, saa saba mchana uko chini. Ukiingia saa tano, sehemu mbaya kuliko zote utaikuta jua likiwa utosini, na hakuna mti wa kukukinga. Aliyechelewa namna hiyo afike ukingoni, atazame kreta, ale chakula chake, ashuke. Hiyo nayo ni safari nzuri. Kulazimisha mzunguko saa sita mchana ukiwa na nusu chupa ya maji ndiko kunakowafanya watu wabebwe.

Kipande cha kwanza kutoka langoni ni laini, miinuko midogo kwenye nyasi na vichaka, na pundamilia wakati mwingine wapo karibu. Hapo ndipo wageni hukimbia. Twende polepole makusudi, kwa mwendo ambao mtu anaweza kuongea bila kukatika pumzi, maana kipande kinachofuata kimesimama. Ardhi yote ya mlima huu ni majivu ya volkano na vijiwe vyepesi vyenye matundu. Maji ya mvua yameikata njia ikawa mitaro, mingine inamfikia mtu mabegani, na ndani ya mitaro hiyo vumbi ni laini kiasi cha kumeza kiatu hadi kifundo. Watu walio mbele wakitimua vumbi, walio nyuma hulivuta lote. Achaneni hatua kumi au kumi na tano, na kila mtu awe na leso ya kufunga puani. Kamera na simu zikae ndani ya mfuko unaofungika zisipotumika.

Ukifika ukingoni, uso ukiwa umeelekea kreta, unaweza kwenda kulia au kushoto. Kulia hukupeleka kileleni mapema, na ndiko ninakopendelea. Mpando wa kilele ni mkali, una sehemu za kushika kwa mikono, na heri kuumaliza miguu ikiwa bado na uhai. Baada ya kilele njia ni ndefu lakini ni ya kushuka zaidi kuliko kupanda. Wanaokwenda kushoto hufurahia mwanzo, kisha mpando wenyewe huwasubiri wakiwa wamechoka na maji yamekwisha. Wapo wanaobishana nami kwa kusema kushuka upande ule ni kwa utelezi, na ni kweli, lakini utelezi una dawa na uchovu hauna.

Dawa yenyewe ni viatu na fimbo. Raba za kawaida zenye soli iliyolika ni balaa kwenye kokoto hizi. Zinateleza, na anayeteleza huweka mkono chini na kuchuna kiganja. Kiatu kiwe na meno, kiwe kimeshavaliwa kabla ya siku hiyo, na kamba zikazwe upya kabla ya kushuka ili vidole visisukumwe mbele. Kata kucha za miguu siku mbili kabla. Wanaopuuza hili hurudi na kucha nyeusi zinazong'oka baada ya wiki. Ukishuka kwenye kokoto, piga hatua fupi, goti likunjwe kidogo, uzito uwe juu ya miguu yako. Anayelala nyuma kwa woga ndiye anayekaa chini ghafla.

Maji: lita tatu kwa kila mtu anayezunguka, lita moja na nusu kwa anayeishia ukingoni. Mlimani hakuna chemchemi, hakuna bomba, hakuna duka. Kunywa vimafundo viwili vitatu kila robo saa, usingoje kiu. Kwa chakula, mayai ya kuchemsha na chumvi, ngwaci (viazi vitamu), nduma (magimbi), ndizi na karanga vinashinda biskuti, maana biskuti hukausha kinywa na huisha tumboni upesi. Chumvi ni muhimu. Wengi wanaopatwa na mkakamao wa misuli kwenye ukingo wamekunywa maji ya kutosha ila wametoka jasho la saa nne bila kulamba hata chembe ya chumvi.

Chini ya kreta kuna msitu, na kwenye kuta zake mvuke hutoka mahali kadha wa kadha. Huonekana vizuri asubuhi hewa ikiwa bado baridi. Kushuka kule si jambo la kujaribu, kuta zinamomonyoka na nyati wapo. Nyati pia huonekana chini ya mlima, ndiyo sababu kutembea peke yako alfajiri si busara. Kundi la watu wanne linaloongea kwa sauti ya kawaida huwapa wanyama nafasi ya kuondoka. Ngurumo zikisikika ukiwa ukingoni, usimalizie mzunguko kwa ubishi. Juu kule wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote, shuka.

Kufika langoni kwa gari la umma kunahitaji uangalifu mmoja. Matatu za Nairobi kwenda Naivasha hutumia barabara mbili. Zinazopita juu, Limuru hadi Kinungi, hazikaribii Longonot kabisa. Panda inayoshuka Mai Mahiu, mwambie kondakta akushushe kituo cha Longonot, kisha bodaboda hadi langoni. Chukua namba ya mwenye bodaboda huyo na mpatane saa ya kukurudia, maana jioni langoni hapo huenda pasiwe na yeyote.

Hell's Gate

Hii ni miongoni mwa hifadhi chache nchini ambazo unaingia kwa miguu au baiskeli bila kulazimishwa gari wala kiongozi. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 68 na ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1984. Kutoka mjini Naivasha panda matatu ya Kongoni inayofuata barabara ya kusini mwa ziwa, upite Karagita, ushuke njia panda ya Hell's Gate. Hapo njia panda na kule lango la Elsa kuna baiskeli za kukodi. Ukikodi njia panda bei huwa nafuu, ila utaanza siku kwa kusukuma pedali kilomita mbili za kupanda. Ukikodi langoni huna haja ya hilo, lakini siku za Jumamosi baiskeli zilizo nzima huchukuliwa mapema.

Usichukue baiskeli kwa kutazama rangi. Ishike breki ya mbele, isukume, gurudumu la nyuma liinuke. Fanya hivyohivyo ya nyuma, gurudumu liburutike. Inua upande wa mbele uzungushe gurudumu, kama linayumba na kugusa breki, iache. Bonyeza tairi kwa kidole gumba, lisibonyee kirahisi, ingawa kwa mchanga wa ndani lisijae likawa jiwe. Badilisha gea zote ukiwa unaendesha mita hamsini, cheni isiruke. Mwisho kiti: ukikaa na kisigino kikiwa kwenye pedali iliyo chini, mguu unyooke. Wageni hukubali kiti kilicho chini kwa sababu miguu inagusa ardhi, halafu baada ya kilomita tano magoti yanalalamika. Omba spana, pandisha. Uliza kama wanakupa pampu na kiraka, kwani miiba ya migunga imejaa njiani na haichagui tairi jipya. Andika namba ya simu ya mwenye baiskeli, wengine huja na pikipiki kukubadilishia.

Kutoka lango la Elsa hadi mahali pa kuingilia korongo ni kama kilomita saba au nane za barabara ya vumbi kati ya majabali mekundu. Mnara wa Fischer unaukuta mwanzoni kabisa, nguzo ya mwamba wa volkano yenye urefu wa mita 25 iliyopewa jina la Mjerumani Gustav Fischer, aliyefika huku mwaka 1883 na msafara wake kutoka Pwani na kuzuiwa na Wamaasai asiendelee. Pimbi huota jua chini yake. Vijana wa hapo hupandisha watu kwa kamba. Kama unataka, kagua kamba yote kwa mkono, isiwe na sehemu iliyochanika au iliyolainika kupita kiasi, kofia ngumu iwe na mkanda wa kidevuni, na fundo la mkandani mwako likaguliwe na mtu wa pili. Anayekasirika ukimwomba akague tena, mwache na mwamba wake.

Kwenda, barabara huteremka kidogo kidogo bila mtu kugundua. Kurudi ndiko hugundua, kwa sababu ni kupanda na upepo wa mchana umeshaanza. Hesabu nguvu zako kwa hilo: ukifika korongoni ukiwa umechoka, kurudi itakuwa kusukuma. Penye mchanga mwingi usikate kona wala kushika breki ya mbele. Shusha gea, kaa kitini, endelea kukanyaga pedali kwa mwendo uleule.

Wanyama utakaowapita ni pundamilia, kongoni, swala, ngiri, na twiga wakati mwingine. Hao hawana neno, ila usiwafukuze ili upate picha. Nyati ni habari nyingine. Akiwa mbali na barabara, pita bila kusimama. Akiwa barabarani au karibu nayo, simama mbali, angalau mita mia, na usubiri aondoke au gari lije upite ubavuni mwake likiwa kati yako na yeye. Usijaribu kumpita kwa kasi. Baiskeli kwenye mchanga haina kasi ya kumshinda nyati. Dume la peke yake ndilo baya zaidi, kundi huwa linaondoka.

Nyani wa mahali pa kupumzikia karibu na korongo wameshajua zipu. Begi lisiachwe kwenye baiskeli hata dakika moja, chakula kisiliwe ukitembeatembea, na mfuko unaopiga kelele usitolewe kabisa. Akikunyang'anya ndizi, mwachie ndizi.

Korongo la Ol Njorowa ndilo watu wengi huja kuona, na ndilo lililoua. Aprili 2012 na tena Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yalisomba watu waliokuwa ndani wakitembea. Inafaa kuelewa yanatokeaje, kwa sababu dalili si zile ambazo mtu hutarajia. Korongo hili lilichongwa na maji ya ziwa kubwa la kale yaliyokuwa yakitokea huku kusini. Leo ni mfereji mwembamba wenye kuta ndefu ambao hupokea maji ya vilima vya pande zote. Mvua ikinyesha kwenye vilima hivyo, ardhi hainywi upesi, maji hukimbilia kwenye mikondo na mikondo yote huishia hapa. Kwa hiyo unaweza kuwa ndani ya korongo, juu yako mbingu ni buluu, na maji yako njiani. Angalia upeo wa macho kabla ya kushuka, si anga la juu ya kichwa. Wingu jeusi juu ya vilima, hata kwa mbali, linatosha kuahirisha. Ukiwa ndani, maji yanayobadilika kuwa ya kahawia, majani na vijiti vinavyoanza kuelea, au mngurumo usioeleweka, ni amri ya kupanda ukuta wa karibu hapohapo. Usikimbie kurudi ulikotoka kwa njia ya chini. Maji hukimbia kuliko wewe.

Chukua kiongozi wa pale, wengi ni vijana wa jamii ya Wamaasai wanaoishi jirani. Patana naye bei kabla ya kushuka na mwombe jambo moja la kwanza: akuonyeshe kila mahali pa kutokea dharura mnapopapita. Kiongozi anayezijua hutaja bila kufikiri. Anayebabaika, tafuta mwingine. Askari wa KWS wakisema korongo limefungwa, limefungwa, na anayekuambia kuna njia ya kuzunguka anauza maisha yako kwa bei ya soda.

Ndani utatembea kama saa moja na nusu hadi mbili, sehemu nyingine kwa mikono na makalio. Kuna michirizi ya maji ya moto kwenye kuta. Mingine ni ya uvuguvugu, mingine inababua, na huwezi kutofautisha kwa macho, kwa hiyo usiweke kiganja ukutani bila kuuliza. Viatu vilowe tu, usivue. Begi kubwa libaki kwa mwenzako aliye juu, kwani hukwama kwenye nyufa. Watoto wa chini ya miaka minane au tisa naona wabaki juu na mtu mzima mmoja, maana hatua za mwamba ni ndefu kwa miguu yao na huchelewesha kundi mahali ambapo kuchelewa si kuzuri.

Mabomba ya rangi ya fedha na mvuke mweupe unaouona mbele ya korongo ni Olkaria, ambako umeme wa jotoardhi umezalishwa tangu 1981. Kuna bwawa la kuogelea la maji hayo ya moto upande huo. Watu huliunganisha na baiskeli siku moja. Inawezekana kwa mwenye gari. Kwa mwenye baiskeli ya kukodi ni kujitafutia usiku njiani.

Ziwani

Boti iwe saa moja hadi saa tatu asubuhi. Maji ni bapa, ndege wako kazini, viboko wameingia majini kutoka malishoni. Saa tisa mchana boti ileile itakulowesha hadi kiunoni na nahodha hatasikia unachosema.

Kupatana bei kuna mitego mitatu. Wa kwanza, bei hutajwa kwa boti kwa saa, au kwa mtu, na wasemaji hawasemi ni ipi. Uliza waziwazi, ikiwezekana andika kwenye simu umwonyeshe. Wa pili, saa huanza kuhesabiwa lini, mnapovaa majaketi au injini inapowaka? Wa tatu ni kisiwa cha Crescent: kukufikisha ni bei ya boti, kushuka na kutembea ni ada nyingine ya wenye kisiwa, na kukungoja ni ya tatu. Ufuo wa umma wa Karagita huwa nafuu kuliko magati ya hoteli, ila hapo kagua chombo wewe mwenyewe.

Kagua nini? Jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, si kwa wale wanaoliomba, na vifungo vyake vifunge. Livae na ulikaze kabla ya kukanyaga boti. Jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Kasia liwepo, kwa sababu injini huzimika. Tangi liwe na petroli ya kutosha, muulize afungue uone. Idadi ya watu isipite viti. Tangu maji ya ziwa yaanze kupanda muongo uliopita, ufuo wa zamani umemezwa, na migunga iliyokufa imesimama ndani ya maji. Ile unayoiona ni picha nzuri. Visiki vilivyo inchi chache chini ya uso wa maji ndivyo vinavyovunja propela, na nahodha mzuri hupunguza mwendo hapo bila kuambiwa. Magugumaji nayo hujisogeza kwa upepo na kufunga magati asubuhi moja. Safari ikikatishwa kwa sababu hiyo si ujanja wa nahodha.

Kiboko anapenda maji mafupi karibu na mafunjo. Boti ikae mbali naye na isimzibie njia ya kwenda kwenye kina, maana huko ndiko anakimbilia akiogopa. Akizama ghafla na mapovu yakaanza kuja upande wenu, nahodha aondoke, si kusubiri picha. Abiria wakae, wasisimame upande mmoja, mikono isiingie majini. Nchi kavu ni hatari zaidi: kuanzia saa kumi na mbili jioni viboko hutoka kula nyasi, hata kwenye bustani za watu. Usitembee ufuoni giza likiingia, na popote usikae kati ya kiboko na maji. Kambi nyingi za kando ya ziwa zina uzio wa umeme kwa sababu hiyo, hakikisha hema lako liko upande wa ndani.

Nahodha atakupigia mluzi furukombe ashuke kuchukua samaki. Ni picha ambayo kila mtu anaitaka. Ujue tu kwamba baadhi huingiza kipande cha bua la mafunjo ndani ya samaki ili aelee, na ndege hummeza pamoja na bua. Mwambie hutaki. Furukombe wa Naivasha huvua wenyewe, ukitulia nusu saa utamwona.

Crescent ni ukingo wa kreta ya zamani uliotokeza majini. Maji yakishuka sana huwa rasi, yakipanda huwa kisiwa. Humo unatembea kwa miguu kati ya twiga, nyumbu, kuro na pundamilia, na simba hakuna. Saa mbili au tatu zinatosha, na kwa familia yenye watoto ni bora mara kumi kuliko Longonot. Tahadhari ni moja: nyasi ndefu za kando ya maji waachiwe viboko. Ziwa dogo la Oloidien, upande wa kusini-magharibi, lilikuwa na maji ya magadi kuliko ziwa kuu na heroe hupendelea huko. Maji yakiwa mengi mawili hayo huungana na heroe hupungua, kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kulipia boti ya kwenda kuwaona.

Samaki wa kukaanga na ugali vipo Karagita na mjini, na samaki wengi ni tilapia. Agiza kabla ya kuingia ziwani ili uwakute tayari.

Kurudi, panga kwa saa za mashamba ya maua. Saa kumi na moja jioni wafanyakazi hutoka na matatu za Kongoni hadi Naivasha hujaa kabisa, kwa hiyo uwe kwenye barabara kabla ya saa kumi, au ungoje hadi saa moja. Jumapili jioni barabara ya kupanda kwenda Nairobi hufungana kwa malori na magari ya wikendi, na safari ya saa mbili huwa nne. Anayeweza kuomba ruhusa ya Ijumaa au Jumatatu atapata baiskeli nzuri, nahodha asiye na haraka, na njia ya Longonot isiyo na vumbi la watu mia mbele yake.